Roboti ya kiwandani inayofundishwa kupitia wingu: dalili, chanzo na marekebisho

Kumfundisha mkono wa roboti kwa kivinjari, ukiburuta vitofali vya "chukua", "inua", "weka", kunampunguzia mwendeshaji mzigo mkubwa. Hahitaji tena kujua lugha ya kontrola, yaani kompyuta inayouendesha mkono, ili kuhama kutoka boksi la chupa 12 kwenda la chupa 6. Ila siku mkono ukigoma, kosa linaweza kujificha sehemu nyingi, na baadhi yake ziko mbali na macho yake.

Mfano tunaoutumia hapa ni mstari mdogo wa kufungasha asali mjini Tabora. Mkanda unaleta chupa zilizojazwa, mkono wenye viungo sita unazipanga kwenye boksi, kompyuta ndogo (tutaiita kompyuta ya kiwandani) imekaa kando ya kabati la roboti, na programu zinahaririwa na kutunzwa kwenye seva za wingu, yaani kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti. Anayepanga chupa za mawese Kigoma atakutana na mambo yaleyale.

Karibu kila tatizo linaloelezwa hapa linatokana na kuvuka mpaka mmoja. Wingu ni mahali pa kufundishia, kutunzia na kulinganishia programu. Mwendo wenyewe, pamoja na kila uamuzi wa usalama, lazima ubaki sakafuni, ndani ya kontrola. Kitufe chekundu cha dharura, mlango wa uzio na vihisi vya usalama huunganishwa kwa waya moja kwa moja kwenye saketi ya usalama ya roboti. Ukikuta mahali kitufe cha dharura kinategemea intaneti, funga mtambo leo hii.

Kabla ya kuingia ndani ya uzio: simamisha mkono, zima swichi kuu ya kabati, weka kufuli, na ufunguo ubaki mfukoni mwako. Unapofundisha kwa mkono, kasi isizidi milimita 250 kwa sekunde.

Anza kwa kuchomoa waya

Jaribio hili huchukua dakika tatu na huokoa siku nzima. Chomoa waya wa ruta unaotoka nje, ule wa intaneti tu, na uache mtandao wa ndani ulivyo. Kisha endesha programu ileile kutoka kwenye kompyuta ya kiwandani.

Tatizo likibaki, liko sakafuni: kwenye kishikio (sehemu ya mkono inayoshika chupa), vipimo, uzito au umeme. Acha kuhangaika na ruta. Tatizo likiondoka, rudi kwenye mtandao na wingu. Na kama programu haiwezi hata kuanza bila intaneti, umeshapata kosa la kwanza: programu haijashushwa kiwandani, inaendeshwa kutoka mbali. Soma sehemu inayofuata kwa makini.

Mkono unasitasita katikati ya safari, au unasimama ghafla bila kugusa kitu

Chanzo kinachojirudia ni kutuma mwendo kutoka wingu, pointi baada ya pointi. Kwenye maonyesho ya ofisini huonekana sawa. Kiwandani haidumu, na hesabu yake ni rahisi.

Roboti za Universal Robots za kizazi cha e-Series, kwa mfano, husasisha udhibiti wake mara 500 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 2. Vituo vya wingu vilivyo karibu nasi viko Afrika Kusini: Microsoft ilifungua vyake mwaka 2019, Amazon ikafungua cha Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua cha Johannesburg mwaka 2024. Kutoka Tabora hadi Johannesburg kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 2,300. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 23 hata kama faiba ingenyooka kama rula. Hainyooki. Hushuka hadi pwani, hupita baharini, hupita kwenye ruta nyingi. Na hata kwa hizo 23, mizunguko zaidi ya kumi ya udhibiti imeshapita kabla jibu halijafika. Ukitumia setilaiti ya mbali, ile iliyo kilomita 36,000 juu, tegemea nusu sekunde au zaidi.

Kibaya zaidi ni kuyumba. Kuchelewa milisekunde 80 kila mara kunazoeleka. Kuchelewa 80, kisha 95, kisha 400, kunaufanya mkono ukose pointi inayofuata, nao husimama kujilinda. Mkono unaokwenda mita moja kwa sekunde husogea sentimita 30 katika milisekunde 300. Hizo sentimita 30 zinaweza kuwa mbavu za mtu.

Marekebisho: programu nzima ishuke kwenye kompyuta ya kiwandani, ikaguliwe kama imefika kamili, kisha iingie kwenye kontrola. Baada ya hapo wingu litume maneno mafupi tu, kama "tumia mpango wa boksi la 12", na lipokee taarifa: idadi ya maboksi, joto la mota, makosa. Taarifa moja kila sekunde inatosha kabisa.

Kama programu tayari iko ndani na mkono bado unasita, pima mtandao wa ndani. Tuma pingi (ujumbe mdogo wa kujaribu njia) 200 kutoka kompyuta ya kiwandani kwenda kontrola. Kwa waya mzuri majibu yote hurudi chini ya milisekunde moja au mbili, bila hata moja kupotea. Zikipotea, tazama kichwa cha waya kwanza. Kipande kinachopinda pamoja na mkanda huchoka pale kinapoingia kwenye plagi. Na usiunganishe kontrola kwa Wi-Fi kwa kuwa waya umekuwa mfupi. Nunua waya.

Umeme ulikatika, umerudi, roboti inawaka lakini wingu linasema "haijaunganishwa"

Mafundi wengi hukimbilia nywila. Tazama saa ya kompyuta ya kiwandani kwanza. Kwenye Linux andika `timedatectl`. Ikionyesha mwaka uliopita, au 1970, umepata jibu: mawasiliano salama hukagua tarehe ya cheti, yaani hati ya utambulisho ya seva, na kwa kompyuta iliyorudi nyuma cheti hicho "bado hakijaanza kutumika". Hukataa kuunganika, na ujumbe wa kosa hautaji saa kabisa.

Betri ndogo ya duara ya CR2032 ndiyo hutunza saa umeme usipokuwepo. Mpya ina volti 3 hivi. Ikishuka chini ya 2.7, badilisha. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa yenye betri kabisa, kwa hiyo ongeza kipande cha saa cha DS3231. Toleo la 5 lina saa, ila betri yake hununuliwa peke yake. Kisha hakikisha ruta inaruhusu mlango (namba ya njia ya mtandao) wa UDP 123, unaotumika kusawazisha saa na seva za nje.

Saa ikiwa sahihi na bado hakuna kitu, angalia nini kilibaki na umeme na nini kilizimika. Mara nyingi UPS (betri ya akiba) imewekewa kompyuta na kontrola, kisha kibadilishi cha faiba, kifaa kinachogeuza mwanga wa faiba kuwa mtandao wa waya, kikachomekwa ukutani. Ruta, swichi ya mtandao, kibadilishi cha faiba na kompyuta ya kiwandani kwa pamoja hula wati 60 hivi. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1,200. Ukitumia nusu ili isife mapema, na ukitoa upotevu wa inveta, unapata saa nane hadi tisa. Mkono wenyewe usiuwekee betri ili uendelee kufanya kazi gizani. Usimame salama, basi.

Inaunganika, inakatika, inaunganika, kila sekunde chache

Kama mzunguko ni wa haraka na wa mpangilio, tafuta majina pacha. Katika MQTT, itifaki ya kubadilishana ujumbe mfupi kupitia seva, kila kifaa kina kitambulisho chake. Vifaa viwili vikitumia kimoja, seva humfukuza wa kwanza akija wa pili, wa kwanza hurudi na kumfukuza wa pili, na hivyo hivyo bila mwisho. Hutokea pale fundi anaponakili kadi ya kumbukumbu ya kompyuta moja ili kuandaa nyingine ya akiba, akazichomeka zote mbili. Badilisha kitambulisho cha moja na kelele itakwisha.

Kama inakatika baada ya dakika kadhaa za ukimya, na unatumia laini ya simu, mtandao wa simu unafunga njia isiyopitisha kitu. Punguza muda wa salamu za MQTT (ujumbe mfupi wa "bado nipo") kutoka sekunde 60 hadi 30. Kwa WireGuard, aina moja ya VPN (njia ya siri ndani ya intaneti), weka `PersistentKeepalive = 25`. Usijaribu kufungua mlango wa kuingilia kutoka nje: laini nyingi za simu hugawana anwani moja ya intaneti, kwa hiyo anayebisha kutoka nje hafiki kwako. Kompyuta ya kiwandani ndiyo ianzishe mawasiliano kwenda nje, kupitia mlango 8883. Ni salama zaidi pia.

Na kagua bando. Ruta huonyesha taa ya kijani hata bando likiwa limeisha.

Programu ndogo inashuka, kubwa inakwama asilimia ileile

Hapa pakiti (vipande vya data vinavyosafiri) ni kubwa kuliko njia. VPN juu ya laini ya simu hupunguza nafasi, na ruta fulani njiani hutupa pakiti kubwa kimyakimya. Jaribu kwenye Windows `ping -f -l 1372`, au kwenye Linux `ping -M do -s 1372`, ukimalizia na anwani ya seva. Hiyo ni pakiti ya baiti 1,400 ukijumlisha 28 za vichwa. Isipopita, shusha namba kwa 20 hadi ipite. Ukubwa wa juu wa pakiti (MTU) wa WireGuard huanza na 1420. Weka 1280 uone kama programu itashuka, kisha panda taratibu ukitaka kasi.

Mtandao ulirudi na mkono ukaanza wenyewe

Simamisha kazi na usirudishe mkono kazini mpaka chanzo kijulikane. Hakuna dalili nyingine katika mwongozo huu inayoweza kuua mtu kwa urahisi hivi.

Vyanzo viwili ndivyo vya kutafuta kwanza. Cha kwanza, amri ilitumwa ikiwa na alama ya kuhifadhiwa. Seva ya MQTT hutunza ujumbe wa mwisho wenye alama hiyo na kumpa kila anayeunganika upya. Kwa taarifa za hali ni jambo zuri, maana ukifungua kioo (skrini) unaona mara moja kama mkono umesimama. Kwa amri ya "anza" ni hatari kubwa: amri ya jana inatekelezwa leo, na mtu ameinama ndani ya uzio akifuta asali iliyomwagika. Chunguza hivi, ukiongeza `-h` na anwani ya seva yako, na jina la mada unayotumia:

`mosquitto_sub -v -t 'roboti/#' --retained-only`

Amri yoyote ikijitokeza hapo, ifute kwa kutuma ujumbe mtupu wenye alama ileile:

`mosquitto_pub -t roboti/amri -r -n`

Kisha mtafute aliyeweka alama hiyo kwenye kitofali cha kutuma, maana asipoiondoa itarudi.

Chanzo cha pili ni foleni. Ukiwasha kikao cha kudumu (seva hukukumbuka hata ukikatika) pamoja na uhakika wa kiwango cha 1 (QoS 1, ujumbe hurudiwa mpaka upokelewe), seva huzipanga amri zilizotumwa wakati hamna mtandao na kuzimwaga zote kwa pamoja mtandao ukirudi. Kiwango cha 1 pia huweza kuleta ujumbe mmoja mara mbili, na "weka boksi" ikifika mara mbili, boksi la pili litawekwa juu ya la kwanza.

Kwa hiyo kila amri ibebe namba yake ya pekee na wakati ilipotumwa. Kompyuta ya kiwandani ikatae namba iliyokwishaitumia, na ikatae amri yenye umri zaidi ya sekunde 5. MQTT toleo la 5 ina muda wa ukomo wa ujumbe, weka sekunde 5 hapo pia. (Umuhimu wa saa sahihi unarudi tena: saa ikiwa nyuma, kipimo cha umri hakina maana.) Na juu ya yote, kila mawasiliano yakikatika mkono uingie hali ya "imesimama", na kutoka humo kuhitaji mtu abonyeze kitufe kwa kidole chake, akiwa nje ya uzio mahali anapouona mkono wote.

Kazi iliyopangwa inaanza saa isiyo yake

Mwendeshaji alitaka saa mbili asubuhi. Tazama kazi ilianza saa ngapi, na utajua kosa ni lipi. Ikianza saa nane usiku, aliandika 02:00 akifuata saa ya Kiswahili na mfumo ukaelewa saa ya kimataifa. Ikianza saa tano asubuhi, aliandika 08:00 sawasawa, ila seva iko kwenye UTC, saa ya rejea ya dunia, nyuma yetu kwa saa tatu. Ikianza saa kumi na moja alfajiri, makosa yote mawili yamekutana.

Weka ukanda wa `Africa/Dar_es_Salaam` kwenye mradi mzima. Kwenye kitofali cha ratiba ongeza maandishi yanayomjibu mwendeshaji palepale: "Itakuwa tayari saa 2:00 asubuhi." Akiona "saa 8:00 usiku" atajirekebisha mwenyewe bila kumpigia mtu simu. Na ratiba iandae programu tu. Kuanza kwa mkono kubaki kwa mtu aliyepo.

Kwenye picha ya kompyuta imepita vizuri, sakafuni imegonga au imekataa

Hapa ndipo vitofali vinapodanganya kwa nia njema. Picha inayoigiza mwendo hucheza vizuri kwa sababu ulimwengu wake hauna kosa. Pitia mambo haya kwa mpangilio, maana la juu likiwa bovu ya chini hayatapona.

Vizio vya kipimo. Lugha ya Universal Robots husoma umbali kwa mita na pembe kwa radiani, ingawa kioo chake cha mkononi huonyesha milimita. Roboti za KUKA, ABB na FANUC hutumia milimita. Pointi ya 250 ikipelekwa pasipo kugeuzwa inakuwa mita 250, na mkono utasema haufiki. Hiyo ni nafuu, maana umekataa. Pembe ni mbaya zaidi: nyuzi 90 ni radiani 1.5708, na 90 ikisomwa kama radiani mkono unaweza kukubali na kujipinda upande usioutarajia. Angalia pia nukta na mkato. Faili lililotoka kwenye programu yenye mpangilio wa Kijerumani huandika 0,25 badala ya 0.25. Na pembe zenyewe huandikwa kwa mitindo tofauti: ABB hutumia namba nne, KUKA pembe tatu, Universal Robots vekta ya mzunguko. Kunakili namba kwa mkono kutoka chapa moja kwenda nyingine hakufai.

Ncha ya kifaa. Ukibadilisha vikombe vya kufyonza vya milimita 30 kwa vya 45, ncha imesogea. Fundisha upya kwa njia ya pointi nne: gusa msumari mmoja uliosimama imara kutoka pande nne tofauti. Kisha zungusha kishikio ncha ikiwa juu ya msumari. Ikihama zaidi ya milimita moja, rudia.

Meza. Fundisha fremu ya meza (vipimo vinavyoanzia kwenye meza yenyewe) kwa pointi tatu: pembe moja, pointi upande wa urefu, pointi upande wa upana. Pointi zote za boksi ziandikwe kwa kufuata fremu hiyo. Meza ikisukumwa na toroli, unafundisha pointi tatu, si 36.

Mstari ulionyooka. Mkono ukisimama mahali palepale huku viungo vya kifundo vikizunguka kwa kasi, umepita pale kiungo cha nne na cha sita vinapoelekea upande mmoja, karibu na nyuzi sifuri za kiungo cha tano. Badilisha kitofali cha "nenda kwa mstari" kiwe "nenda kwa viungo" katika kipande hicho, au inua pointi ya katikati, kisha ujaribu kwa kasi ya chini. Njia ya mkono itabadilika, kwa hiyo hakikisha haukaribii nguzo.

Uzito. Lita moja ya asali ina kilo 1.4 hivi. Anayehesabu chupa ya mililita 500 kama nusu kilo anapunguza gramu 200. Kishikio kikibeba sita kwa mpigo, ni kilo 1.2 zisizohesabiwa, bado glasi. Dalili yake: unapouongoza mkono kwa kuushika huku umebeba chupa, unazama taratibu wenyewe, na wakati wa kuanza mwendo unasimama kwa ulinzi. Pima kishikio na chupa zilizojaa kwenye mizani, usikisie, na kumbuka kuandika uzito mwingine baada ya kuachia.

Mwendeshaji amebadilisha kitofali, hakuna kilichobadilika

Amehifadhi wingu, hajashusha kiwandani. Au wawili wamefungua programu moja, na aliyehifadhi mwisho amefuta kazi ya mwenzake. Kioo kionyeshe daima namba mbili kubwa: toleo lililo wingu na toleo lililo kwenye mkono, na zisipolingana ziwe nyekundu. Matoleo matano ya nyuma yabaki kwenye kompyuta ya kiwandani, ili kurudi kwenye la jana kusihitaji intaneti.

Majina yanasaidia kuliko watu wanavyodhani. "Pointi_17" haimwambii mtu kitu saa tisa usiku. "Juu ya boksi, safu ya kwanza" inamwambia. Ujumbe wa kosa nao uandikwe kwa lugha ya mstari: "Hakuna mvuto wa hewa kwenye kikombe cha 3, kagua kama kina asali." Ukimwonyesha namba ya kosa peke yake, atabonyeza "futa" na kuendelea.

Na asali, kweli, hufika kila mahali. Chupa isiyoachiwa, au inayochukuliwa kiupande, mara nyingi ni kikombe chenye utando wa asali. Osha kwa maji ya uvuguvugu kila zamu, kausha, angalia mipasuko. Asubuhi za baridi za Juni na Julai asali huwa nzito, mashine ya kujaza huchelewa, na mkono hufika kabla ya chupa. Kitofali cha "subiri sekunde 2" kiondoe, weka "subiri kihisi kione chupa".

Kabla ya kupiga simu kuomba msaada

Andaa haya, maana bila hayo mtaalamu aliye Dar es Salaam au nje ya nchi ataanza kwa kukisia: matokeo ya jaribio la kuchomoa waya; namba ya toleo kwenye wingu na kwenye mkono; faili la matukio la kontrola na la kompyuta ya kiwandani, dakika kumi kabla na kumi baada ya kosa; tofauti ya saa kati ya vifaa hivyo viwili, kwa sekunde; picha ya kioo chenye kosa kabla hakijafutwa; na uzito uliopimwa wa kishikio kikiwa kitupu na kikiwa kimebeba chupa.